Gemu za Kompyuta Miaka Ijayo: Neno kwa Wenye Vibanda wa Mwanza

Hotuba kwa wamiliki wa vibanda vya gemu, mafundi wa kompyuta, wanafunzi na wazazi, jijini Mwanza

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi. Waliotoka Magu na Kwimba, mwangaluka. Waliokuja na kivuko kutoka Ukerewe, poleni na ziwa.

Ukimuuliza mtu kuhusu kesho ya gemu za kompyuta, ataanza kukutajia kadi za picha zenye bei ya pikipiki. Mimi nina swali jingine kwanza. Kompyuta iliyopo kibandani kwako leo, ukikatwa intaneti wiki nzima, itacheza nini? Sijalibuni swali hili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, ziliharibika siku moja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizobaki na mtandao wa kusuasua. Kibanda chenye gemu za mtandaoni tupu siku ile kilikuwa chumba cha feni na viti.

Tunazo gemu za kupitisha muda, gemu za mtandaoni, na gemu za mchezaji mmoja. Zote tunaziita gemu za kompyuta, lakini zinakoelekea ni tofauti, na mwenye kununua mashine bila kujua anaifuata ipi atajikuta na mzigo.

Za kupitisha muda nazimaliza upesi, maana simu imeshazichukua. Solitaire iliingia ndani ya Windows 3.0 mwaka 1990 na ikawafundisha wafanyakazi wengi wa ofisi kushika kipanya. Baadaye zikaja gemu za Flash, zile za kuchezea ndani ya kivinjari. Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 programu yenyewe ikakataa kuzifungua. Gemu hazikuwa zimeharibika. Kilichozimwa ni mlango. Zinazochezeka leo ni zile zilizookolewa na watu wa hifadhi ya Flashpoint, au zinazofunguliwa kwa programu ya Ruffle. Habari hii ya mlango itarudi.

Kilichobaki kwenye kompyuta upande huu ni gemu ndogo zilizotengenezwa kwa ustadi. Stardew Valley ya mwaka 2016 na Balatro ya 2024, kila moja ilibuniwa na mtu mmoja. Ya kwanza inataka nafasi ya megabaiti 500 tu. Zinakwenda kwenye mashine ya ofisi isiyo na kadi yoyote, na mzazi aliyemleta mtoto wa miaka tisa hatakasirika akichungulia kioo. Tusizidharau.

Sasa za mtandaoni, maana huko ndiko kwenye kelele na fedha.

Adui wa kwanza ni umbali, na umbali hauondolewi kwa bando kubwa. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo, kila kilomita 1,000 kati yako na seva, kompyuta ya mbali inayoendesha mechi, ni milisekunde 10 za kwenda na kurudi, kabla kifaa chochote cha njiani hakijakuchelewesha. Kutoka hapa hadi Johannesburg kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 2,700. Kwa hiyo milisekunde 27 ndiyo sakafu, na hakuna kampuni itakayoichimba. Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000, sakafu yake ni 60 na ushee. Na waya wenyewe haunyooki: hushuka hadi pwani, huingia baharini, huzunguka. Ndiyo maana namba unayoiona kwenye kioo mara nyingi ni mara mbili au tatu ya hiyo.

Kijana akilalamika kwamba anakufa kabla hajamwona adui, usikimbilie kumuuzia kompyuta. Fungua dirisha la amri, yaani cmd, andika ping -n 50 ikifuatiwa na anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kwa waya, jibu linatakiwa kuwa milisekunde 1, au chini ya hapo. Ukiona 40, kisha 3, kisha 180, ugonjwa uko ndani ya nyumba: ni Wi-Fi iliyosongamana, au kuna mtu chumba cha nyuma anashusha sinema. Vuta waya kabla hujampigia simu mtu wa intaneti. Ruta ikiwa nzima, sasa tazama namba ya pingi ndani ya gemu, yaani milisekunde za kwenda na kurudi hadi seva. Ikiwa kubwa lakini imetulia, hiyo ni jiografia. Counter-Strike na Dota zina seva Johannesburg, na Counter-Strike 2 ina sehemu ya kuweka kikomo cha pingi unayoikubali. Ukiachia kikomo juu sana, gemu itakutupa Ulaya ili upate mechi haraka.

Wapo wanaosema kompyuta yenye nguvu haitahitajika tena, gemu itachezwa kwenye seva ya mbali na wewe utatiririshiwa picha tu. Tupige hesabu. Picha nzuri ya 1080p inataka kama megabiti 25 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600, gawanya kwa 8: gigabaiti 11 na robo kwa saa moja. Bando la gigabaiti 10 halimalizi hata kipindi cha kwanza cha mteja wako. Mechi ya Dota 2 ya dakika 40 inayoendeshwa na kompyuta yako mwenyewe mara nyingi haifikishi megabaiti 200. Google nao walijaribu kutiririsha kwa Stadia, wakaizima tarehe 18 Januari 2023. Siku faiba isiyo na kikomo itakapokuwa rahisi Igoma na Buswelu tutalizungumza upya. Leo hapana.

Adui wa pili ni kufuli, na huyu ndiye atakayewaumiza wenye vibanda katika miaka hii. Wadanganyifu walizidi kwenye gemu za ushindani, na kampuni zikajibu kwa kutaka kujua kompyuta yako imewaka vipi tangu sekunde ya kwanza. Valorant ilianza na mlinzi wake Vanguard mwaka 2020, League of Legends ikampokea Mei 2024. Kwenye Windows 11, Vanguard anadai TPM 2.0 na Secure Boot. Battlefield 6 ya Oktoba 2025 inadai Secure Boot, Call of Duty: Black Ops 7 ya mwezi uliofuata inadai vyote viwili. TPM ni kama muhuri wa mashine, Secure Boot ni bawabu anayekagua kila programu inayoamka kabla ya Windows. Kompyuta za Intel kizazi cha nne, zile OptiPlex 9020 na EliteDesk 800 G1 zilizojaa kwenye maduka ya mitumba, nyingi zina TPM 1.2. Hazipandi.

Kwa wenye mashine za kizazi cha nane na kuendelea, kazi inawezekana ila ina mpangilio, na mafundi wengi wanaukosea. Wanaingia BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla ya Windows, wanazima CSM, yaani hali ya kuwaka kizamani, wanawasha Secure Boot, na kompyuta haiwaki tena. Wanasema diski imekufa. Diski haijakufa, imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na sasa inatakiwa mtindo mpya wa GPT. Kwanza nakili data muhimu pembeni. Kisha, ukiwa bado ndani ya Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, andika mbr2gpt /convert /allowFullOS. Hapo ndipo uzime mashine, uingie BIOS, uzime CSM, uwashe Secure Boot, na uwashe TPM, ambayo Intel huiita PTT na AMD fTPM. Ukiona kioo cheusi baada ya kuzima CSM na kuna kadi ya zamani ndani, kadi hiyo haiijui UEFI, mfumo mpya wa kuwaka. Chomoa kadi, tumia picha ya prosesa yenyewe.

Kuna njia nyingine inayopendwa na mafundi vijana: kuondoa Windows kabisa, kuweka Linux yenye Proton, chombo cha Valve cha kufungulia gemu za Windows kilichotoka mwaka 2018. Inafaa. Counter-Strike 2 na Dota 2 zinakwenda bila shida, na gemu nyingi za mchezaji mmoja hazitajua kama zimehamishwa. Lakini Valorant, League na Fortnite hazitafunguka. Na FC ya EA, gemu ya mpira ambayo ndiyo inawajazia viti, ina mlinzi wake tangu FIFA 23, asikudanganye mtu.

Kwa maoni yangu, mchezo wa wengi kwa wengi hapa Mwanza utarudi chini ya paa moja. Kompyuta sita, swichi moja ya mtandao, nyaya sita. Counter-Strike 1.6, Terraria, Stardew Valley, Minecraft ya Java: zote zinakubali kuunganishwa ndani kwa ndani. PES 2017 kwa padi mbili haihitaji hata waya. Pingi ni 1, na anayefungwa unamsikia akipiga meza.

Swichi inunuliwe ya gigabiti. Counter-Strike 2 inaomba nafasi ya gigabaiti 85. Kwa intaneti ya megabiti 10, kuishusha ni karibu saa 19 kwa kompyuta moja. Kwa kompyuta sita ni karibu siku tano, usiku na mchana. Tangu mwaka 2023 Steam, duka la gemu la Valve, inaruhusu kompyuta moja kuimegea nyingine kwa waya wa ndani. Shusha mara moja tu, usiku. Kisha kwenye kila mashine fungua mipangilio ya Steam, sehemu ya upakuaji, washa uhamishaji wa faili za gemu kwenye mtandao wa ndani, na uchague wa kupewa ni yeyote, la sivyo akaunti tofauti hazitaonana. Swichi ya gigabiti itahamisha zile 85 kwa dakika 13 hivi kama diski zinahimili. Swichi ya megabiti 100 itachukua zaidi ya saa mbili. Ukinunua ya gigabiti na bado unaona saa mbili, kagua vichwa vya nyaya: gigabiti inataka nyuzi zote nane, wakati megabiti 100 inaridhika na nne tu, namba 1, 2, 3 na 6. Uzi mmoja uliobanwa vibaya unakurudisha nyuma kimya kimya, na taa ya swichi inaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kitu.

Sasa mchezaji mmoja. Hapa njia imegawanyika kama pale Usagara, ambako mmoja anaelekea Shinyanga na mwingine anakwenda Busisi.

Barabara ya kwanza ni ya majitu. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 haiwaki kabisa bila kadi yenye vifaa vya kukokotoa miale ya mwanga. Kiwango cha chini ni RTX 2060 Super ya gigabaiti 8, na ramu ya gigabaiti 16. Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 ni hivyo hivyo. Zamani ulishusha ubora wa picha na gemu ikakubali. Sasa inakataa mlangoni. Barabara ya pili ni ya studio ndogo. Hollow Knight: Silksong ilitoka tarehe 4 Septemba 2025, kazi ya watu wachache wa Adelaide, Australia, kwa dola 20, na maduka ya mtandaoni yalielemewa siku hiyo kwa wingi wa wanunuzi. Inakwenda vizuri kwenye kadi ya wati 75. Katikati ya hapo kuna gemu zote kubwa za miaka kumi iliyopita. GTA V ilifika kwenye kompyuta Aprili 2015 na viti vyake bado vina foleni. Kwa mwenye kibanda, hazina iko nyuma yetu na kando yetu, si mbele tu.

Ila hazina hiyo ina ufunguo wa mtu mwingine. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft, ilizimiwa seva tarehe 31 Machi 2024, na hata aliyekuwa akiendesha peke yake barabarani alikosa kuifungua. Hapo ndipo mlango wa Flash unaporudi. Kampeni ya Stop Killing Games ilizaliwa kutokana na tukio hilo, na Julai 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja. California nayo imeyataka maduka, kuanzia 2025, yaseme wazi kwamba unachonunua ni leseni. Kwetu tunalipa kwa dola, kwa kadi za mtandaoni zinazopatikana kupitia pesa za simu, na uchungu wa dola mnaujua. Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa: gemu hii inafunguka bila mtandao? Za duka la GOG zina faili la kusakinishia unaloweza kuliweka kwenye diski ya nje na kulifunga kabatini. Za Steam, ingia ukiwa na mtandao, fungua gemu mara moja hadi menyu, ndipo uende hali ya bila mtandao. Ukiruka hatua hiyo, siku waya ukikatika itakudai kwanza imalizie sasisho. Na usipoipenda, Steam inarudisha fedha ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa mbili. Zile diski za kukrakiwa, yaani za gemu zilizovunjwa kufuli, zinazouzwa mkononi mimi siziwekei dhamana: ukikuta kadi inafanya kazi kwa asilimia 90 na hakuna gemu iliyofunguliwa, kuna mtu anachimba sarafu za mtandaoni kwa LUKU yako.

Jambo dogo linalofukuza wateja: vibanda vingi vina Deep Freeze, programu inayoirudisha diski kama ilivyokuwa, na kila kompyuta ikizimwa, alama za mchezaji zinafutika. Tenga diski isiyogandishwa, elekeza huko mafaili ya uhifadhi, ambayo kwa kawaida yamo kwenye Documents, Saved Games au AppData. Mtu aliyefika sura ya tisa harudi kuanza ya kwanza.

Basi tununue nini? Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025. Steam yenyewe iliacha Windows 7 na 8 mnamo 1 Januari 2024, kwa hiyo siku ya Windows 10 nayo inakuja. Chukua mashine ya ofisi ya kizazi cha nane, OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4, yenye i5-8500 na nyuzi zake sita. Ina TPM 2.0 na inaipokea Windows 11 bila hila. Weka SSD, na ramu ya 16 kwa vijiti viwili vya 8. Kijiti kimoja cha 16 kinapunguza kasi, hasa kama unategemea picha ya prosesa. Ramu usiichelewe: vituo vya akili unde vinaimeza, na Desemba 2025 Micron ilitangaza kuiacha Crucial, chapa yake ya kuwauzia watu wa kawaida.

Pawa saplai ya kasha dogo la mashine hizo ni wati 200 hadi 250 hivi, na soketi zake si za kawaida, huwezi kubandika yoyote. Kadi iwe isiyozidi wati 75 na isiyo na waya wa ziada. GTX 1650 ndiyo ninayoipendelea, toleo la kimo kifupi (low profile). GTX 1050 Ti bado inacheza, lakini NVIDIA imeacha kuiandalia madereva ya gemu mpya tangu Oktoba 2025. RX 6400 inakula wati 53 tu, ila inatumia njia nne za PCIe, soketi ya kadi kwenye bodi, na kwenye mashine hizi za PCIe 3.0 hupoteza sehemu ya nguvu yake. Kwa hesabu ya umeme, mashine kama hiyo pamoja na kioo ni kama wati 170. Saa kumi ni yuniti 1.7, na kwa shilingi 350 kwa yuniti ni shilingi 600 kwa siku. Jitu la wati 500 ni shilingi 1,750. Zidisha kwa kompyuta tano, kisha jiulize kama mteja wa PES atakulipa tofauti hiyo.

UPS ya 650 VA kwa kila mashine mbili ndogo inatosha kuhifadhi na kuzima. Haikusudiwi kumalizia mechi. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika tano.

Na ziwa letu. Vile vidudu vinavyopanda juu ya maji kama moshi vinafuata mwanga, kama dagaa wanavyofuata karabai, na feni ya kompyuta inavinyonya hadi vinakuwa utando kwenye mapezi ya kupozea. Wenye vibanda Kirumba na Igombe wanajua harufu yake. Washa taa ya nje mbali na mlango, ndani punguza, na funga chandarua cha waya kwenye matundu ya hewa. Chandarua kipigwe brashi kila wiki, kwa sababu kikiziba ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Unapopuliza feni, izuie kwa kidole isizunguke. Ikizungushwa na hewa inaweza kuua beringi zake, na inazalisha umeme unaorudi kwenye bodi.

Mezani pale nyuma kuna kadi mbili za GT 1030. Maboksi yanafanana. Moja ina kumbukumbu ya GDDR5, nyingine ya DDR4, na ya pili iko nyuma sana kwenye gemu. Pembeni kuna 1050 Ti ambayo si 1050 Ti, ni kadi ya zamani iliyoandikwa jina jipya. GPU-Z, programu ya kutambua kadi, imewekwa kwenye kompyuta zote tatu. Tazameni mstari wa aina ya kumbukumbu, kisha mstari wa jina, ambapo programu huandika FAKE. Njooni wanne wanne, na wenye kadi mliyoinunua karibuni ileteni tuipime kabla hamjamaliza siku za kurudisha dukani.